Mtungi Usemao: Nafsi Neni katika Zawadi za Michezo ya Athens

Tunapomwelekeza mwanafunzi kuhakiki shairi, aghalabu swali la kwanza huwa: ni nani anayesema? Hebu tuliulize swali hilo mbele ya maandishi yasiyo shairi, yaliyochorwa kwenye mtungi wa udongo yapata miaka 2500 iliyopita.

Mtungi wenyewe huitwa wa Burgon, kwa jina la Mwingereza Thomas Burgon aliyeufukua kaburini huko Athens mwaka wa 1813. Leo umo katika Makavazi ya Uingereza, London. Upande mmoja amechorwa Athena, mungu wa kike wa mji huo, kavaa chapeo, kashika mkuki na ngao. Ubavuni mwake mna maneno ya Kigiriki yenye maana kwamba, mimi ni miongoni mwa zawadi za Athens. Upande wa pili gari la kukokotwa na farasi wawili linakwenda mbio.

Utasema hiyo ni tashihisi, basi. Usiharakishe.

Mitungi ya aina hii walipewa washindi wa michezo ya Panathenaia, iliyofanywa kila baada ya miaka minne na ambayo mwanzo wake, kwa desturi, huhesabiwa kuwa 566 K.K. Kwa hakika, zawadi yenyewe ilikuwa mafuta ya zeituni yaliyokuwamo, takriban lita 38 kwa kila mtungi, kutoka kwa mizeituni mitakatifu. Orodha iliyochongwa kwenye jiwe katika karne ya nne K.K. inaonyesha kwamba mvulana aliyeshinda mbio fupi alipata mitungi 50, na wa pili 10. Mshindi wa magari ya farasi alipata 140. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 5000! Hayo si ya kupikia wala ya kujipaka; yamkini mengi yaliuzwa, na mitungi imefukuliwa hadi Italia na Libya. Kule Olympia, mshindi alivikwa shada la majani ya mzeituni tu.

Turejelee nafsi neni. Mtungi unasema, lakini maandishi yake rasmi hayamtaji mshindi. Sababu moja ni wazi: mitungi ilichorwa kabla ya mashindano. Hata hivyo, karne ya nne K.K. jina la mtu lilipoanza kuandikwa, lilikuwa la kiongozi wa mji wa mwaka huo. Isitoshe, wachoraji wa Athens walipohamia mtindo mpya wa picha nyekundu, kuanzia yapata 525 K.K., mitungi hii iliendelea kuchorwa kwa picha nyeusi za kikale kwa karne kadhaa. Mimi naona hapo mji unaolinda sauti yake kuliko sanaa yake.

Aliyetaka jina lake litajwe alimwendea mshairi. Pindar alimtungia Theaios, mwanamieleka wa Argos, utungo wa sifa unaoigusia mitungi hiyo yenye nakshi na mafuta yaliyofika Argos. Humo mshindi anatajwa, na ukoo wake pia. Tungo kama hizo ziliagizwa na kulipiwa.

Huko Taranto, kusini mwa Italia, mwanariadha mmoja alizikwa pamoja na mitungi ya muundo huu. Wanaakiolojia humwita Mwanariadha wa Taranto.