Kiazi Kitamu Katika Historia ya Unyamwezi

Chama chetu kinapotimiza miaka 10, yafaa tulikumbuke zao ambalo halijapata sifa katika hesabu zetu, nalo ni kiazi kitamu.

Asili yake ni Amerika, lakini katika nchi yetu ya kichanga lilikubaliana vema na kilimo cha matuta. Mvua za Novemba zilipolainisha ardhi, nyasi zililazwa kwa mistari na kufunikwa udongo kwa jembe. Nyasi zikaoza zikawa mbolea. Mapando nayo yalikuwa yametunzwa kiangazi chote karibu na visima na mabondeni, nayo kwa kawaida ilikuwa kazi ya akina mama.

Viazi havikuvunwa kwa siku moja. Mama alichimbua vya kutosha chungu cha siku ile, vingine akaviacha tutani. Lakini kiangazi kikikaza, ardhi hupasuka, na fukusi huvifikia viazi kwa kupitia nyufa hizo. Kwa hiyo vilivyosalia vilichimbwa vyote. Vilivyokatwa vibichi na kuanikwa ndiyo michembe. Vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, ndiyo matobolwa.

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, wapagazi Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuizoea njia ya pwani. Wengi walisafiri kiangazi, wakarejea masika kulima. Waandishi wa safari hizo walihesabu pembe za ndovu. Akiba ya chakula iliyowalisha waliobaki nyumbani haikuandikwa sana. Hata hivyo, bila akiba hiyo nani angethubutu kuiacha nyumba yake kwa miezi mingi? Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ulianza kushuka mabegani. Jembe halikutoka mkononi.

Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Katika miaka hiyo yote, tuta la viazi halikungoja sheria.

Funzo lake ni hili. Tumbaku huleta fedha, lakini malipo huweza kuchelewa, na tumbo halingoji. Anayelima tumbaku shamba zima huuza jasho lake kwa haraka ya njaa. Basi kila mwanachama, kutoka Isevya hadi vijijini, na abakize matuta ya chakula. Na viongozi wanapokadiria mavuno, waulize pia michembe iliyomo ghalani. Akiba haiozi.