Daftari la Wagonjwa: Kutoka Mengo 1901 Hadi Gulu 2000



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, tukifika hospitali humkuta karani akiandika jina, umri, kijiji na maradhi katika daftari kubwa. Wengi wetu huona anatuchelewesha. Lakini historia ya Uganda inatufundisha kuwa hesabu hiyo huokoa roho za watu.

Mwaka 1897 Dr. Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo hapa Kampala, na habari za wagonjwa ziliandikwa kwa makini. Mwanzoni mwa 1901 yeye na ndugu yake, Dr. Jack Cook, wakatambua wagonjwa wa malale. Ila Mengo ilikuwa hospitali moja tu. Kule Busoga na kando ya ziwa maradhi yalikuwa yameshaenea, na hapakuwa na utaratibu wa kuhesabu wagonjwa vijijini na kupeleka habari. Mpaka 1903 ndipo ilipobainika kuwa yanaenezwa na mbung'o. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walifariki.

Sasa tutazame karibu miaka mia baadaye. Oktoba 2000 Dr. Matthew Lukwiya, tabibu mkuu wa hospitali ya Lacor huko Gulu, alikuwa Kampala akisomea afya ya jamii Makerere. Akapigiwa simu kuwa kuna maradhi yasiyojulikana, na wanafunzi wa uuguzi wanakufa. Akarudi, akakesha akisoma mafaili ya wagonjwa moja baada ya jingine. Yalifanana: homa, kutapika, kutoka damu, kisha kifo. Hakungoja majibu ya maabara, bali aliwaarifu wakubwa wa Wizara ya Afya Kampala. Damu ikapelekwa Afrika Kusini, na katikati ya mwezi ikathibitika kuwa ni Ebola.

Maradhi yalifika Masindi na Mbarara, lakini yakazuiwa, na Februari 2001 yakatangazwa kwisha. Wagonjwa walikuwa 425, na 224 kati yao walifariki. Dr. Lukwiya mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Disemba 2000.

Siku hizi vituo vya afya hutuma hesabu kila wiki wilayani na Wizarani. Faida yake ni hii: kituo kimoja kikiona wagonjwa wawili hakistuki, lakini vituo kumi vikiwa na wawili wawili, anayejumlisha huona hatari. Ebola ilipotangazwa hapa Kampala tarehe 30 Januari 2025, ilitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili mwaka huo huo.

Ndugu zetu, hesabu hiyo huanzia majumbani mwetu. Tukificha homa ya mtoto, au tukaharakia kuosha maiti wa maradhi tusiyoyajua bila kuwaarifu wahudumu wa afya, daftari litabaki tupu na maradhi yataendelea kutembea. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza. Kuarifu kwanza si kumvunjia heshima marehemu, ni kuwalinda waliobaki.

Sayyidna Umar (R.A.) alipopata habari ya tauni ya Sham akiwa njiani, alishauriana na Masahaba kisha akarudi na watu wake. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu kuna waliomfikishia habari mapema. Basi na sisi tuwe wenye kufikisha habari, InshaAllah.

Wabillahi Tawfiq.