Baruti ya nani? Gobori, moshi na jina la Kariokor

Najua nimekuwa kimya. Kazi za watu zilinibana, na nitawaeleza kidogo huko mbele.

Wiki jana jioni nilikuwa kwenye matatu Jogoo Road, mvua inanyesha, foleni haisogei. Kufika steji ya Hamza makanga akafungua mlango akaongeza watu watatu mahali pasipotosha hata mmoja. Mzee aliyeketi kando yangu, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, akaguna: "Huyu kijana anatushindilia kama gobori."

Watu wakacheka. Mimi nikabaki na lile neno kichwani mpaka nyumbani. Kushindilia abiria tunakujua sote wa Eastlands, tumezaliwa nako. Lakini kushindilia gobori? Nikaanza kusoma, na kama kawaida yangu, nilitafuta neno moja nikapata historia nzima. Leo basi hakuna msimbo. Leo ni baruti.

Tuanze na mashine yenyewe. Gobori ni bunduki inayopakiwa kupitia mdomo wa mtutu. Unamimina baruti kwanza, unaweka kitambaa na risasi, halafu unashindilia vyote mpaka chini kwa mdeki, ule ufito mrefu. Ya kale zaidi, gumegume, inawashwa na cheche za jiwe. Iliyofuata inawashwa na fataki. Ukifyatua, unarudia kila kitu kutoka mwanzo. Mtu hodari, aliyetulia, anapiga mara mbili au tatu kwa dakika. Mwenye hofu hupiga mara moja, kisha hukimbia.

Sasa utaniuliza, baruti si ni baruti tu? Hapana, ndugu yangu. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura karibu asilimia 75, makaa asilimia 15 na kiberiti asilimia 10. Lakini ukichanganya tu vumbi hilo hujamaliza. Linatakiwa kuloweshwa, kusagwa pamoja, kukandamizwa kuwa keki, kukaushwa na kuvunjwa kuwa punje. Na ukubwa wa punje ndio siri ya mambo yote, kwa sababu baruti huungua kutoka juu ya punje kwenda ndani. Punje ndogo zina uso mwingi wa kuungulia, kwa hiyo huwaka haraka. Punje kubwa huwaka polepole.

Ndiyo maana wanaopenda bunduki hizi huko Marekani na Ulaya bado huchagua baruti kwa herufi. Herufi F zikiongezeka, punje zinapungua. Fg ni punje nene. FFg ni ya mitutu mipana. FFFg ni ya mitutu myembamba na bastola. FFFFg ni laini kama unga, ya kuweka kwenye kisahani cha gumegume ili ishike cheche. (Waliobuni mpango huo wa majina bila shaka ni mababu wa wale wanaotupa namba za matoleo ya programu.) Ukiweka nene mno kwenye mtutu mwembamba, risasi inatoka imechoka. Ukiweka laini mno kwenye mtutu mpana, msukumo unapanda kuliko ulivyokusudiwa.

Halafu kuna uchafu. Karibu nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa gesi. Inabaki kama masizi ndani ya mtutu na moshi mweupe hewani. Masizi hayo hunyonya unyevu, na chuma huoza. Kwa hali ya hewa ya Mombasa au Unguja, bunduki isiyooshwa siku hiyohiyo inaanza kuliwa na kutu.

Kwa hiyo baruti na bunduki ni mke na mume. Ukitaka kuchagua baruti, ujue mtutu wako. Hilo ndilo somo la kwanza, na ni rahisi. Somo la pili ndilo lililonikosesha usingizi: katika Afrika Mashariki, kwa muda mrefu, aliyebeba gobori hakuwa ndiye aliyechagua baruti.

Twende Maskati, mwaka 1833. Sultani Seyyid Said anatia sahihi mkataba wa biashara na Marekani. Bidhaa zote zitauzwa kwa uhuru, isipokuwa kipengele kimoja: bunduki, baruti na risasi, zikifika kisiwani Unguja, ziuzwe kwa serikali yake peke yake. Katika bandari zake nyingine, ruksa kumuuzia yeyote. Msomaji, huyu mtawala alielewa mapema kwamba bunduki bila baruti ni fimbo ya gharama kubwa. Mwenye ghala la baruti ndiye mwenye neno.

Miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yakaanza kutupa bunduki za mdomo na kuchukua zile zinazopakiwa kwa nyuma. Zile kuukuu zikaenda wapi? Unajibu mwenyewe ukikumbuka kompyuta na simu zilizochoka zinakomalizia safari zao siku hizi. Zilimiminika Zanzibar na kupanda bara na misafara, pamoja na vipipa vya baruti ya biashara, baruti duni iliyotengenezwa kuuzwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Wakati huohuo, mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel iliyoundwa kwa ajili yake. Risasi ilikwenda mbali na kwa kasi zaidi, na mpigaji hakuacha wingu la kumsaliti. Lakini baruti hiyo mpya ina nguvu ambayo mtutu wa gobori hauwezi kuihimili. Ukiitia kwenye gobori, inaweza kupasuka usoni mwako. Wenzangu wa programu mtaelewa: toleo jipya halikuja na utangamano wa nyuma. Aliyekuwa na gobori hakuweza kununua baruti bora akasonga mbele. Alihitaji bunduki mpya.

Na hapo ndipo mlango ulipofungwa.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Siku moja baadaye, tarehe 2 Julai, mataifa 17, Zanzibar ikiwemo, yakatia sahihi Mkataba wa Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa. Lengo lake lilikuwa jema, na ni kweli kwamba bunduki zilikuwa zikitumika kuwinda watu. Lakini soma vifungu vyake vya silaha. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, kuingiza bunduki za kisasa, baruti na risasi ni marufuku. Zitakazokuja ziwekwe kwenye maghala ya serikali. Kuna ruhusa kwa majeshi ya serikali, kwa watu binafsi wenye dhamana ya kutosha na kwa wasafiri wenye barua za serikali zao. Na kwa biashara ya kawaida? Gumegume zenye mitutu isiyo na mifereji, na baruti ya kawaida, ile ya biashara.

Nilisoma mara mbili. Hiki si kifungu cha kuondoa bunduki Afrika. Ni kifungu cha kusema nani atumie toleo gani. Waliokuwa na barua walipata baruti isiyo na moshi. Wengine wote walibakishwa kwenye toleo la kale, kwa sheria, na waliotia sahihi ni walewale waliokuwa wakigawana ardhi hiyo.

Matokeo yalionekana. Katika vita vya Maji Maji, kusini mwa Tanganyika, wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Tarehe 30 Agosti 1905 walishambulia boma la Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Tumezoea kusimuliwa kwamba walidanganywa na maji ya Kinjikitile. Mimi nadhani tuseme pia kwamba miaka 15 kabla yake, mezani kule Brussels, kulishaandikwa aina ya baruti watakayokuwa nayo.

Kichekesho ni kwamba moshi huo uliwageukia wakubwa wenyewe. Mwaka 1914 vita vya Ulaya vilipofika huku, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Hiyo si gobori, inapakiwa kwa nyuma, lakini risasi zake ni za baruti nyeusi. Askari Mwafrika akipiga risasi moja, wingu linapanda juu ya kichaka na adui anajua alipo. Novemba 1914 pale Tanga, Wajerumani kama 1,000 na askari wao waliwashinda wanajeshi kama 8,000 waliokuja na Waingereza kutoka India. Kwa hiyo moshi hauamui kila kitu. Lakini angalia walichofanya baada ya kushinda: waliokota mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha 16 na risasi kama 600,000, wakazigawa kwa kampuni zao. Aliyepata nafasi ya kuchagua hakusita hata siku moja.

Na risasi hizo zote za pande mbili zilibebwa na nani? Hapa ndipo tunarudi nyumbani. Waingereza waliunda Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Vijana walichukuliwa vijijini kwa maelfu kwa maelfu wakabebeshwa unga na masanduku ya risasi kwa miguu mpaka kusini mwa Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kambi yao ya Nairobi ikaacha jina lililotamkwa kwa ulimi wetu: Kariokor. Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao. Hao hawakuchagua baruti yoyote, nyeusi wala nyeupe. Waliibeba tu.

Nina hadithi moja ya mwisho ya mitaa hii. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na uhaba mkubwa wa silaha. Mafundi wakatengeneza bunduki za kienyeji kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Risasi zilikuwa za kuibwa au kununuliwa kwa siri kutoka kwa askari, za baruti ya kisasa isiyo na moshi. Mnaona tatizo? Baruti ya toleo jipya ndani ya bomba la maji. Nyingine zilimjeruhi aliyezishika kabla ya kumfikia aliyelengwa. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 Operesheni Anvil ikaizingira Nairobi, na Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kambini.

Niliwaahidi kueleza kimya changu. Mteja mmoja alibadilisha sehemu ya mfumo wake bila kuniambia, na programu yangu, iliyoandikwa kwa toleo la zamani, ikaanguka kila usiku kwa wiki tatu. Nililala ofisini nikilalamika kwamba kuna mtu kaamua jambo mahali fulani na mimi ndiye ninayelipa. Baada ya kusoma haya yote nimeona aibu kidogo. Mimi nilipoteza usingizi tu.

Lakini tabia ya jambo ni ileile. Ukiambiwa viwango ni mambo ya kiufundi, waachie wataalamu, uliza walioketi mezani ni nani na nani atabakishwa na toleo la kale. Swali la baruti ipi linaanza na mtutu wako, ni kweli. Kabla ya hapo kuna swali la nani ana ufunguo wa ghala.

Jumamosi nitapita Kariokor kula nyama choma, nikikumbuka waliobeba masanduku. Na yule mzee wa matatu nikimwona tena, soda ni juu yangu :-)

Haya, tuonane tena. Wiki ijayo narudi kwenye msimbo.