Nakshi, Sheria na Hadhi: Bunduki za Kuwindia za Mabwana wa Ulaya, Karne ya 17 hadi ya 19

Insha hii inachunguza jinsi bunduki ya kuwindia yenye nakshi ilivyokuwa alama ya hadhi barani Ulaya. Hoja yake kuu ni kwamba hadhi hiyo haikutokana na gharama peke yake, bali pia na sheria iliyoamua ni nani awinde.

Kwa upande wa ufundi, mfano bora unatoka Munich mwanzoni mwa karne ya 17. Daniel Sadeler, fundi wa watawala wa Bavaria, alichonga taswira kwenye chuma cha bunduki, naye Hieronymus Borstorffer akatia njumu ya pembe kwenye kitako cha mti.

Kwa upande wa sheria, Uingereza ilipitisha mwaka 1671 sheria iliyowanyima wengi haki ya kuwinda, hata baadhi ya wenye ardhi, na kuwapa walinzi wa mawindo mamlaka ya kuwanyang'anya bunduki. Kwa hiyo, aliyeionesha bunduki yake hadharani alionesha pia haki ambayo jirani yake hakuwa nayo.

Ufaransa ilifuta upendeleo huo wa makabaila Agosti 1789, lakini nakshi hazikutoweka. Nicolas-Noël Boutet, aliyekuwa fundi wa mfalme, aliendelea kutengeneza huko Versailles silaha za fahari, nyingine zikitolewa na serikali kama zawadi. Nakshi zilezile zilizoshuhudia nasaba sasa zilishuhudia cheo na ukwasi.