Kuhojiwa kwa Serikali za Mashinani: Kutoka Majimbo hadi Kaunti nchini Kenya

Wito wa Seneti unaomtaka gavana afike Nairobi akiwa na vocha, mikataba na taarifa za benki za kaunti yake umezoeleka sana katika siasa za Kenya, hata ni rahisi kusahau kwamba mamlaka yenyewe yalianza kupimwa mwaka 2014 tu, na kwamba kwa miongo mingi kabla ya hapo maswali kuhusu fedha za mashinani yalielekezwa kwa waziri wa serikali kuu kuliko kwa watu waliozitumia. Ugatuzi, yaani utaratibu wa kikatiba wa kugawa mamlaka na fedha kati ya serikali ya kitaifa na serikali zilizochaguliwa na wakazi wa maeneo yao, haukuanza na katiba ya mwaka 2010. Ulijaribiwa wakati wa uhuru, ukabomolewa kabla haujatia mizizi, na namna ulivyobomolewa inaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini waliouandika upya walijali mno suala la nani amuulize nani.

Katiba ya uhuru, iliyotokana na mikutano ya Lancaster House jijini London, iliigawa Kenya katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, na kila jimbo likapewa baraza lake la kutunga sheria. Chama cha KADU, kilichoupigania mfumo huo kwa hofu kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa zilizokiunga mkono chama cha KANU, kilitoa viongozi wawili mashuhuri wa mabaraza hayo: Ronald Ngala aliongoza baraza la Pwani na Daniel arap Moi lile la Bonde la Ufa. Pamoja na majimbo ilikuwepo Seneti ya wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja kwa Nairobi, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuyalinda majimbo dhidi ya mabadiliko ya katiba ambayo serikali kuu ingeyataka. Seneti hiyo ilipewa ngao, lakini haikupewa daftari la hesabu: iliweza kuzuia katiba isibadilishwe, ila haikuwekewa wajibu wa kufuatilia fedha za majimbo zilivyotumika, na majimbo yenyewe yaliendelea kutegemea ruzuku kutoka serikali ambayo haikutaka yawepo.

Upungufu huo ulikuwa na uzito kuliko unavyotajwa kwa kawaida katika vitabu vya historia. Serikali isiyokuwa na fedha zake haina cha kuulizwa, na isiyokuwa na cha kuulizwa hupata shida kuwaonyesha wananchi kwamba ipo kwa ajili yao. KADU ilipojivunja mwezi Novemba 1964 na kujiunga na KANU, na Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, mamlaka ya majimbo yaliondolewa bila upinzani mkubwa. Seneti nayo iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1966, na maseneta wakapewa viti katika bunge moja lililobaki.

Kilichosalia mashinani ni halmashauri za wilaya, za miji na za manispaa. Sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha majukumu ilizinyang'anya halmashauri nyingi elimu ya msingi, afya na barabara, pamoja na sehemu kubwa ya mapato yaliyoambatana na kazi hizo, na kuanzia hapo diwani aliyetaka kujua kwa nini zahanati haina dawa alikuwa anauliza mlango usio wake. Bajeti ya halmashauri ilihitaji idhini ya Waziri wa Serikali za Mitaa, ambaye pia aliweza kuivunja halmashauri yenyewe na kuweka tume mahali pake, kama ilivyotokea kwa Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1983. Uwajibikaji, kwa maana ya mwenye dhamana kulazimika kueleza alivyoitumia, ulikuwepo, lakini ulipanda kwenda juu kwa waziri na haukushuka kwa mlipa kodi. Hazina ya kuzihamishia halmashauri sehemu ya kodi ya mapato, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, iliongeza fedha bila kuugeuza mwelekeo huo.

Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 iliugeuza. Kaunti 47 zilihakikishiwa kisheria angalau asilimia 15 ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa kipimo cha hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha 2013/14, ambao ulikuwa wa kwanza baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 190, na kufikia 2023/24 ulikuwa umepanda hadi bilioni 385.4. Safari hii, kwa hiyo, palikuwa na kitu cha kuulizwa. Tatizo ni kwamba katiba iliwapa watu wawili haki ya kuuliza. Kifungu cha 185 kiliipa bunge la kaunti, linaloundwa na wawakilishi wadi waliochaguliwa na wale walioteuliwa na vyama, jukumu la kuisimamia kamati tendaji ya kaunti, yaani gavana, naibu wake na mawaziri wao. Kifungu cha 226 kikasema wazi kwamba afisa mhasibu wa taasisi ya kaunti anawajibika kwa bunge hilo. Lakini kifungu cha 96 kiliipa Seneti mpya usimamizi wa mapato ya kitaifa yanayogawiwa kaunti, na kwa kuwa kaunti nyingi huishi kwa mgao huo, usimamizi wa mgao unakaribia kuwa usimamizi wa kila kitu.

Mgongano ulikuja haraka. Mapema mwaka 2014 baadhi ya magavana walikataa kufika mbele ya kamati ya Seneti ya fedha, wakidai kwamba wa kuulizwa ni maafisa wahasibu na wa kuwauliza ni mabunge ya kaunti, na kwamba gavana anayesafirishwa kila mara kwenda Nairobi kujieleza anageuzwa tena kuwa mtumishi wa serikali kuu. Seneti ilijibu kwa kumtaka Mdhibiti wa Bajeti, ambaye bila idhini yake hakuna fedha inayotolewa katika mfuko wa mapato wa kaunti, azuie fedha za kaunti zilizokaidi. Mwezi Aprili Mahakama Kuu iliamua kwamba Seneti ina uwezo wa kuwaita magavana. Hoja ya magavana haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu iliegemea maneno ya katiba na pia kumbukumbu ya jinsi majimbo yalivyozimwa kutoka Nairobi. Hata hivyo sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 ilikuwa imemfanya gavana mwenyewe awajibike kwa usimamizi na matumizi ya rasilimali za kaunti, na mtu wa namna hiyo hawezi kumtuma karani akajibu kwa niaba yake.

Mahojiano yenyewe huanza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mkaguzi hutoa maoni ya aina nne: hesabu safi, hesabu zenye kasoro katika maeneo fulani, hesabu zilizopotosha, na hesabu ambazo nyaraka zake ni chache kiasi kwamba hawezi kutoa maoni yoyote. Kamati husoma hoja moja baada ya nyingine, gavana na afisa wake wa fedha wakijibu kwa kiapo, na sehemu kubwa ya muda huenda kwa mambo madogo yanayojirudia kila mwaka: masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mtumishi kwa safari au shughuli maalumu na ambazo hazikutolewa hesabu aliporudi, madeni ya wazabuni waliokwishafanya kazi bila kulipwa, vituo vya afya vilivyojengwa bila kufunguliwa, ardhi na majengo yaliyorithiwa kutoka halmashauri 175 za zamani bila hati miliki. Wananchi hukumbuka zaidi toroli za Bungoma, ambazo mwaka 2015 ilibainika kwamba kila moja ilinunuliwa kwa zaidi ya shilingi 100,000, lakini kwa kipimo cha fedha madeni ya wazabuni yameumiza watu wengi zaidi, kwa kuwa nyuma ya kila ankara isiyolipwa mara nyingi yupo mfanyabiashara mdogo aliyekopa benki ili aihudumie kaunti yake.

Silaha kali zaidi ya wanaohoji ni kumwondoa gavana madarakani, na hapa sheria iliwafunga wawili hao pamoja: bunge la kaunti hupitisha hoja kwa theluthi mbili ya wajumbe wake, kisha Seneti huamua, ama kwa kikao kizima ama baada ya uchunguzi wa kamati maalumu ya maseneta 11. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza, mwaka 2014, ingawa mahakama zilimrudisha na wapiga kura wakamchagua tena mwaka 2017. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa mwaka 2020 na hawakurudi. Makueni ilionyesha upande mwingine wa jambo hili, kwani huko gavana Kivutha Kibwana na bunge lake waligombana juu ya bajeti hadi risasi zikafyatuliwa mwezi Septemba 2014. Wakazi waliomba serikali nzima ya kaunti isimamishwe, tume ya uchunguzi ikapendekeza hivyo, na rais akakataa. Ugomvi wa Makueni haukuwa usimamizi ulioenda mbali mno. Ulihusu nani ashike fedha, na bunge linalotaka kushika fedha hupoteza uhalali wa kuzikagua.

Maseneta nao waliingia katika kishawishi hichohicho. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2014 yaliunda bodi za maendeleo za kaunti ambazo seneta angekuwa mwenyekiti wake na gavana angepeleka mipango yake huko kabla haijafika bungeni. Mahakama Kuu ilizibatilisha mwaka uliofuata, na Mahakama ya Juu ikathibitisha ubatili huo mwezi Februari 2022. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa seneta aliyeshiriki kupanga matumizi asingeweza baadaye kuyahoji kwa uhuru. Mipaka ya vyeo pia imevukwa na watu wenyewe: Anyang' Nyong'o, aliyeongoza kamati ya Seneti ya hesabu za kaunti, akawa gavana wa Kisumu mwaka 2017, na Kenneth Lusaka alitoka ugavana wa Bungoma akawa Spika wa Seneti kisha akarudi kuwa gavana mwaka 2022.

Udhaifu mkubwa umekuwa wa wakati. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu awasilishe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na wabunge waishughulikie ndani ya miezi mitatu, lakini kaunti ni 47 na kamati ni chache, hivyo ripoti zimekuwa zikijadiliwa miaka baadaye. Magavana wengi wa kwanza walipomaliza vipindi vyao viwili mwaka 2022, waliowafuata walijikuta wakijibu maswali kuhusu vocha ambazo hawakuzitia saini. Bunge la kaunti, ambalo liko hatua chache kutoka ofisi zenye nyaraka hizo, lingeweza kuuliza mapema zaidi. Ila fedha za kuliendesha hupitia hazina ya kaunti inayosimamiwa na watendaji walewale linaopaswa kuwahoji, na mwakilishi wadi anayesubiri barabara ya wadi yake iingizwe katika bajeti huwa na sababu nzuri ya kunyamaza kikaoni.