Mhadhiri wa Mlimani aliyetufikisha Oscar
Machi 27 ya kila mwaka ni Siku ya Sanaa za Maonesho Duniani, iliyoanza kuadhimishwa 1962. Hapa Isansa, wilayani Mbozi mkoani Songwe, huangukia masika, macho ya watu yakiwa kwenye mahindi na kahawa. Ukimuuliza kijana kwenye kibanda umiza ni mwigizaji gani alitufikisha kwanza kwenye mchujo wa Oscar, atakutajia nyota wa Bongo Movie. Kumbe alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Amandina Lihamba.

Idara ya sanaa za maonesho ilianzishwa chuoni hapo, Mlimani, 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Lihamba akawa mmoja wa nguzo zake. Mwaka 1980 alichapisha Hawala ya Fedha, tamthilia iliyotokana na hadithi ya Msenegali Ousmane Sembène. Harakati za Ukombozi, aliyoiandika na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, ikafuata 1982. Shahada ya uzamivu aliipata Leeds, Uingereza, 1985, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonesho baada ya Azimio.

Lakini kilele ni Maangamizi, filamu ya 2001 iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill. Daktari Asira anatoka Marekani kuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini. Hapo anamkuta Samehe, mwanamke ambaye kwa miaka 20 hajatamka neno. Lihamba ndiye Samehe. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya wanafunzi na kusema alipewa kazi ya kubeba filamu nzima kwa macho, mabega na pumzi, huku bibi wa kale, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan, akimwita arudi kwa wazee wake. Wasomi wangapi wangekubali mtihani huo mbele ya wanafunzi wao?

Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliiwasilisha Oscar kushindania tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Haikuingia fainali. Tulikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupeleka nyingine, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2022.

Kabla ya Samehe, mwaka 1996, Lihamba na Penina Mlama (ndiye Penina Muhando wa Harakati za Ukombozi) walianzisha Tuseme. Wasichana wa sekondari walichambua wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wakayaigiza, kisha wakayajadili na walimu. Mpango huo ulivuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika.

Songwe imekuwa mkoa tangu 2016, na shule zinaongezeka. Maofisa utamaduni wetu wakitaka pa kuanzia, waitafute Maangamizi, waioneshe shuleni, halafu wawaachie wasichana jukwaa. Ni aibu wanafunzi wetu kuwajua waigizaji wa Korea kwa majina na kutomjua Lihamba.