ZIWA NAIVASHA LILIPOKUWA UWANJA WA NDEGE



Je, wajua kwamba Ziwa Naivasha, hapo tu kilomita 70 hivi kutoka Nakuru, liliwahi kuwa kituo cha ndege za kimataifa? Kati ya 1937 na 1950 zilitua hapo ndege za majini zilizosafiri kati ya Southampton, Uingereza, na Afrika Kusini. Hazikuhitaji lami. Matumbo yake yalikuwa kama ya mashua, zikiteleza juu ya maji mpaka zikasimama. Abiria wa Nairobi walimalizia safari kwa gari.

Kwa nini ziwani? Wakati ule viwanja vyenye njia ndefu na ngumu vilikuwa vichache, lakini mito na maziwa yalikuwepo tayari. Tena ndege hazikubeba mafuta ya kwenda mbali, ikabidi zitue kila mara: Alexandria, Khartoum, Malakal, Port Bell, Kisumu.

Hebu shika kalamu tupige hesabu. Nairobi mpaka London, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 6,800 hivi. Ndege za majini za 1937 zilikwenda kama kilomita 260 kwa saa. Gawanya, utapata saa 26 za kuwa hewani. Lakini safari yenyewe ilikula siku kadhaa! Njia ilipinda, kila kituo kilikuwa na shughuli zake, na usiku abiria walishuka wakalala hotelini.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili viwanja vya nchi kavu viliongezeka na ndege zikaweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 1958 ukafunguliwa uwanja wa Embakasi, ambao leo ni Jomo Kenyatta. Siku hizi jeti hujaza mafuta Nairobi na kufika London kwa saa 9 hivi bila kutua popote.

Sasa angalia vizuri: ni muda uliopungua. Kilomita hazikupungua hata moja.

Hapo ndipo wengi wetu huteleza mwezi huu. Utasikia barazani, "Ndege ina kiyoyozi, umekaa kitini, wafungua saumu kwa lipi?" Lakini wanavyuoni wengi waliipima safari kwa masafa: marhala mbili, kilomita 80 na kitu. Hawakuipima kwa saa wala kwa jasho. Mwenye kuzikata kwa ngamia siku mbili na mwenye kuzikata kwa ndege kabla chai haijapoa, wote ni wasafiri. Ruhusa imo ndani ya Qur'an, Suratul Baqarah, na siku alizokula atazilipa baadaye.

Anayeweza kufunga safarini bila dhiki, na afunge. Aliyefungua naye asisemwe vibaya. Ukiwa na shaka, muulize imamu wako kabla hujafunga mizigo.

Ramadhan Karim.